Namba ya Ufuta

Karatasi ile ilibandikwa ukutani, juu ya meza ya vipimo, kabla Jenipher hajaajiriwa. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene nyekundu: GAWANYA KWA 18. Mwandiko ulikuwa wa daktari Octavian, mwenye zahanati, na plasta ya vidonda ndiyo iliyoshika pembe zake zote nne. Haikusema unagawanya nini. Miaka yote haikuwa na haja ya kusema, maana zahanati ile ndogo ya Mikumi, nyuma ya maegesho ya malori, ilikuwa na mashine moja tu ya kupima kwa tone la damu, nayo ilikuwa ya sukari. Mashine ilitoa jibu kwa miligramu, rejista ilitaka milimoli. Ukigawanya kwa kumi na nane, kazi imekwisha.

Wiki tatu zilizopita ikaja mashine ya pili, nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni, ya kupima kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu. Nayo ilitoa jibu kwa miligramu. Daktari Octavian aliipokea kwa furaha, akaiweka mezani, akanyoosha kidole kwenye karatasi yake.

"Utaratibu ni uleule," alisema.

Jenipher alijua si uleule. Alimaliza chuo cha maabara Morogoro mwaka jana tu, na kwenye daftari lake namba ya kolesteroli ilikuwepo, thelathini na nane nukta sita saba, ameizungushia duara mara mbili kwa sababu mwalimu alisema itakuja kwenye mtihani. Alifungua mdomo aseme. Lakini sauti ya Jenipher ilikuwa na tabia moja: ikiitwa mbele ya mkubwa inakimbilia tumboni. Kilichotoka kilikuwa, "Sawa, daktari."

Tangu siku hiyo alikuwa ameandika majibu ya watu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja waliondoka na sura za watu waliosomewa hukumu. Aliyemkaa rohoni zaidi ni mzee Shimba, mfugaji wa Msowero aliyekuja Mikumi kumtembelea binti yake. Mashine ilisema 201. Jenipher akagawanya kama karatasi ilivyotaka, akaandika 11.2, na daktari akamwambia mzee aache maziwa kuanzia siku hiyo. Mzee hakubisha. Alifika mlangoni na fimbo yake, akageuka, akamwuliza Jenipher, siyo daktari:

"Hata mtindi, binti yangu?"

"Hata mtindi, mzee," Jenipher alijibu, macho yake yakiwa sakafuni.

Usiku huo hakula.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, aliingia mama Scolastica Machibya. Alikuja na pikipiki yake mwenyewe, kofia ngumu kwapani, ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mfupi, mpana wa mabega, na alipokaa kwenye benchi, dereva wa lori aliyekuwa akikohoa pale alijisogeza mwenyewe bila kuombwa.

"Shikamoo, mama," Jenipher alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaniamkia kama unaniomba msamaha? Paza sauti, mimi nimezoea trekta."

Dereva wa lori, aliyeitwa Yared, alicheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Mama Scolastica aliendesha trekta ya kupandia kwenye shamba moja la mbegu upande wa Kilangali. Miaka kumi na minne alikuwa juu ya kiti kile. Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia na shamba lilitaka kila mwendesha mashine apimwe afya, arudishe fomu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Fomu ilikuwa ya kurasa mbili: macho, presha, sukari, kolesteroli. Mbele ya kolesteroli paliandikwa kwa herufi ndogo: isizidi milimoli 6.5 kwa lita. Atakayezidi hapandi mashine msimu huu.

"Kuna kijana anaitwa Goodluck," mama Scolastica alisema huku akinyoosha kidole achomwe, "anakizungukia kiti changu kama inzi. Juzi nimemkuta amekaa juu yake, eti anakijaribu. Nikamwambia, shuka, mimi sijafa. Akaniambia, tusubiri fomu, mama." Alicheka, ila kicheko hakikufika machoni. "Haya, tusome fomu."

Macho yake yalikuwa mazuri. Presha ilikuwa nzuri. Sukari ilikuwa nzuri. Jenipher akaweka tone la mwisho kwenye mashine nyeupe, na baada ya muda namba ikatokea: 228.

Kalamu ya Jenipher ilisimama hewani.

Kwenye faili la mama Scolastica palikuwa na kikaratasi cha hospitali ya Kilosa, cha mwezi wa tatu. Kolesteroli: 5.7 mmol/L. Jenipher akatoa simu, akagawanya 228 kwa 38.67. Ilikuja 5.9. Ilikuwa imepanda kidogo tu, kama mwili wa mtu yeyote unavyopanda na kushuka. Mama huyu alikuwa salama, na kiti chake kilikuwa salama, kama tu Jenipher angeandika alichokijua.

"Mbona umeganda?" mama Scolastica aliuliza. "Nimekufa?"

Kabla Jenipher hajajibu, daktari Octavian alishaingia, miwani kwenye paji la uso. Alitazama mashine na kile kikaratasi cha Kilosa, akabonyeza simu yake.

"Kumi na mbili nukta saba," alisema, na uso wake ukaingia huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama, pole sana. Hii ni mara mbili ya kiwango. Unakula nini wewe?"

"Ugali na mlenda. Nyama Jumapili, mchungaji akija."

"Mwezi wa tatu ulikuwa tano nukta saba. Leo kumi na mbili nukta saba. Hiyo haitokani na mlenda. Kwenye trekta siwezi kukuruhusu, utaanguka nayo mtaroni. Jenipher, andika, mimi nigonge muhuri."

Mama Scolastica alikunja vidole vyake, vile vilivyoshika usukani miaka kumi na minne, akaviweka mapajani kimoja kimoja kama mtu anayekusanya vyombo baada ya msiba. Akilini Jenipher alimwona tena mzee Shimba mlangoni na fimbo yake. Akasikia: hata mtindi, binti yangu?

"Siandiki," Jenipher alisema.

Ilitoka ndogo sana, hata yeye hakuwa na hakika kama imetoka.

"Unasemaje?"

"Siandiki, daktari." Mara hii ilitoka kubwa, ikafika kwenye benchi. Yared akaacha kukohoa. "Kumi na nane ni ya sukari. Kolesteroli unagawanya kwa thelathini na nane nukta sita saba. Mama ana tano nukta tisa."

Daktari Octavian alishusha miwani, akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Binti, mimi natibu watu hapa tangu hujaota meno. Miligramu ni miligramu, milimoli ni milimoli. Hii haibadiliki kwa sababu tumebadilisha mashine."

"Miligramu ni uzito, daktari. Milimoli ni hesabu. Yaani... chembe ngapi. Chembe ya kolesteroli ni nzito, ya sukari ni nyepesi, kwa hiyo..." Hapo sauti ikaanza tena kukimbilia tumboni. Macho yakaanza kumjaa maji, akajua daktari ameyaona. "Kwa hiyo ukigawanya kwa..."

"Ngoja," alisema mama Scolastica. "Ngoja kidogo, mwanangu. Uzito na hesabu?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo si uzito wa punje elfu?"

Hakuna aliyemwelewa. Mama Scolastica akafungua zipu ya mfuko wa ovaroli, akaingiza vidole, akatoa mabaki ya kazi: punje za mahindi ya mbegu zilizopakwa dawa, nyekundu kama pilipili, na kwenye mshono wa mfuko akakwangua kwa ukucha ufuta kidogo. Akavipanga kwenye benchi, huku mahindi, kule ufuta. Yared akainamisha shingo.

"Sikilizeni. Mbegu inakuja kwangu kwa kilo. Lakini mashine ya kupandia haijui kilo, inajua punje: inadondosha moja, inasogea, inadondosha nyingine. Kwa hiyo kabla ya kupanda, lazima nijue kilo hizi ni punje ngapi. Pale shambani wanahesabu punje elfu moja, wanazipima. Mahindi haya, punje elfu ni gramu mia tatu na hamsini. Ufuta, punje elfu ni gramu tatu. Tatu! Namba hizo zimeandikwa kwenye kila mfuko. Ukichukua uzito ukagawanya kwa namba ya mfuko, unapata punje." Alimgeukia Jenipher. "Ndivyo?"

"Ndivyo hasa, mama," Jenipher alisema, na machozi yakakauka yenyewe kwa mshangao. Chuo kizima hakuna aliyemweleza vizuri hivyo.

"Sasa mwaka wa kwanza nilipoanza, nilitoka kwenye ufuta nikaingia kwenye mahindi, nikasahau kubadilisha namba. Nina kilo saba za mahindi, ni punje elfu ishirini. Mimi nikagawanya kwa namba ya ufuta, nikapata punje milioni mbili na zaidi. Nikamkimbilia bwana shamba nikamwambia, bosi, kwa mbegu hizi tutapanda mpaka Dodoma." Yared alipiga paja. "Aliniita Milioni Mbili mwaka mzima. Daktari, na wewe umegawanya mahindi yangu kwa namba ya ufuta."

"Mama, mimi sipimi mahindi," daktari alisema. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Nipo na wagonjwa wanasikiliza, na wewe unanimwagia mbegu kwenye benchi. Jenipher, andika kumi na mbili nukta saba. Ni agizo."

"Dokta," Yared alidakia, "mimi mwenyewe nimeelewa, na shule niliishia la saba."

"Wewe kohoa!"

Jenipher aliishika fomu kwa mikono miwili. Kwenye mstari wa kolesteroli akaandika, kwa mwandiko wake mdogo wa chuo: 228 mg/dL, sawa na 5.9 mmol/L. Kwenye nafasi ya mpimaji akaweka jina lake lote na sahihi. Kisha akaigeuza ili daktari aione.

"Nimeandika nilichopima," alisema. "Ukitaka kumi na mbili nukta saba, ufute jina langu kwanza, uweke lako."

Honi ya lori ikasikika barabarani. Daktari Octavian alikuwa na muhuri mkononi. Aliutazama, akaurudisha kwenye droo, akafunga droo kwa ufunguo.

"Fomu hiyo sigongi," alisema. "Na wewe, kama umekuwa mkubwa kuliko mimi, mlango ule pale. Ukitoka, usirudi."

Jenipher alivua koti jeupe, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaliweka juu ya kiti. Alitegemea kulia. Badala yake akajikuta anauliza:

"Mama, pikipiki yako inabeba wawili?"

"Inabeba gunia mbili za mahindi na mbuzi. Itakushindwa wewe?"

Walikwenda Kilosa. Barabara inayopita kijiji cha Ulaya ilikuwa na vumbi jekundu na mashimo, na mama Scolastica aliyakwepa bila kupunguza mwendo, akipiga kelele juu ya bega ili sauti imfikie abiria wake. "Umewahi kumbishia mtu mzima kabla ya leo?"

"Hapana, mama!"

"Inaonekana! Umebisha kama mtu anayeomba chumvi!" Akacheka, na mgongo wake mpana ukatikisika. Jenipher akamshika ovaroli kwa nguvu zaidi. Kilomita moja mbele kicheko kiliisha, na yule mama akasema kwa sauti nyingine: "Mwanangu, kama Kilosa nao wakisema kumi na mbili?"

Hilo ndilo Jenipher alilokuwa analiogopa tangu Mikumi. Namba aliikumbuka kutoka kwenye daftari. Vipi kama daftari lilikosea, vipi kama yeye ndiye aliyenakili vibaya?

"Wakisema kumi na mbili," alisema, "nitarudi nimwombe daktari msamaha. Lakini hawatasema."

Hospitali ya Kilosa ilikuwa na mashine kubwa, na fundi wa maabara aliyeitwa Editha, dada mnene mwenye haraka, ambaye hakuuliza maswali mengi. Fomu iliruhusu hospitali yoyote iliyosajiliwa. Ilikuwa mazoea tu kwamba watu wa shamba walikwenda Mikumi. Editha alichota damu kwenye mshipa, akawaambia wasubiri. Walisubiri mpaka saa tisa. Mama Scolastica alikula ndizi mbili akasema ni kwa ajili ya moyo. Jenipher alirudia hesabu yake kwenye simu.

Editha alitoka na kikaratasi. "Scolastica Machibya? Tano nukta nane. Imezidi kawaida kidogo, mama, punguza vya kukaanga. Kwingine uko sawa."

Jenipher aliketi chini, pale pale kwenye sakafu ya korido.

"Anaumwa huyu?" Editha aliuliza.

"Haumwi," mama Scolastica alisema. "Amemaliza kubisha." Alikitazama kikaratasi, akakibusu, kisha akamwinamia Jenipher na uso wake ukawa hauna utani wowote. "Chipsi nitaziacha. Kweli nitaziacha. Lakini Goodluck atakaa chini."

Daktari wa zamu alijaza ukurasa mpya wa fomu, akagonga muhuri. Mama Scolastica alikwenda Kilangali na fomu kifuani, ndani ya ovaroli. Jenipher alirudi Mikumi na basi.

Ijumaa asubuhi, saa moja na nusu, daktari Octavian alipofungua mlango wa zahanati alimkuta Jenipher amesimama kizingitini, amevaa sare yake iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba." Ilimtoka kwa mazoea, na alionekana kuijutia. "Nilikwambia usirudi."

"Nilisikia." Jenipher alimpa nakala ya jibu la Kilosa. Daktari aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena. Taya lake lilicheza.

"Kilosa wana mashine yao," alisema hatimaye.

"Ndiyo, daktari. Na mashine yetu haina kosa. Karatasi yetu ndiyo yenye kosa." Akapita pembeni yake, taratibu, kwa adabu, kama anavyopita mtu mbele ya mkwe, lakini akapita. Koti jeupe lilikuwa pale pale kwenye kiti, limekunjwa. Akalivaa. Akachukua kalamu nene nyekundu, akapanda juu ya stuli, na juu ya GAWANYA KWA 18 akaandika neno moja: SUKARI. Chini yake akaongeza mstari: KOLESTEROLI, GAWANYA KWA 38.67.

"Nani amekuruhusu?" daktari aliuliza. Hakupaza sauti.

"Hakuna, daktari. Nina watu kumi na mmoja kwenye rejista niliowaandikia uongo kwa mkono wangu. Wewe uliniagiza, lakini mimi nilijua nikanyamaza, kwa hiyo kosa langu ni kubwa kuliko lako. Nikimaliza kuwapigia wote, unifukuze. Kabla ya hapo sitoki."

Daktari Octavian alisimama mlangoni na funguo mkononi. Angeweza kuichukua rejista. Ilikuwa yake, na zahanati ilikuwa yake. Alimtazama yule binti aliyekuwa amezoea kujibu "sawa, daktari" kwa sauti ya kunong'ona. Hakusogea kuichukua. Baada ya muda akaiweka nakala ya Kilosa mezani, akavuta kiti, akaketi, akatazama mstari wa mzee Shimba kwenye rejista, akafungua simu yake kwenye kikokotoo.

"Mia mbili na moja," alisema kwa mkato, bila kumtazama, "kwa thelathini na nane nukta ngapi?"

"Nukta sita saba."

Alibonyeza. Alikaa akiitazama ile namba muda mrefu.

"Mpigie huyo kwanza," alisema.

Jenipher alishabonyeza. Simu iliita mara nne upande wa Msowero, kisha ikapokelewa na ng'ombe wakisikika nyuma.

"Shikamoo, mzee Shimba. Ni Jenipher, wa maabara Mikumi. Naomba usikate simu. Ile namba niliyokupa, kumi na moja nukta mbili, si kweli. Niliikosea mimi. Yako ni tano nukta mbili."

"Tano?" Sauti ya mzee ilikuwa imepungua, kama mtu aliyetoka kuugua. "Kumi na moja imekwenda wapi?"

"Haikuwepo, mzee. Haikuwahi kuwepo."

Upande wa pili ng'ombe mmoja akalia. Kisha mzee akauliza, polepole, kana kwamba anaogopa jibu:

"Na mtindi, binti yangu?"

Jenipher alitazama ukuta, wino mwekundu ukiwa bado haujakauka.

"Mtindi kunywa, mzee," alisema, na sauti yake ikatoka kifuani, nzima. "Kikombe, lakini. Siyo kibuyu."

Mzee akaanza kucheka. Jenipher akamwacha acheke mpaka amalize, akamuaga, akaweka alama ya vema mbele ya jina lake, na kidole chake kikashuka kwenye mstari wa pili.